Saa Hiyohiyo

Ami Haidari alikuwa na neno lake, "saa hiyohiyo", na kila aliyemjua hapa Handsworth, Birmingham, alishamwigiza. Mie Asmahan nilikuwa wa kwanza.

Alifunga nati kwenye kiwanda cha magari cha Longbridge miaka ishirini na mmoja, mpaka kilipofungwa mwaka 2005. Wenzake walikaa wakapata presha. Yeye alinunua mkunjo wa karatasi ya kubandika ukutani, akaugeuza upande mweupe, akaanza kuandika miaka. Kila mwaka una safu nne: utawala, elimu, ufundi, nyumbani. Ukimtembelea, chai haijapoa keshaitandaza sebule nzima. Mwaka 1896, anakwambia, mizinga ya Waingereza inapiga jumba la Sultani kule Unguja, saa tatu asubuhi. Mwaka huohuo Athens wanafufua michezo ya Olimpiki, Paris mtaalamu anagundua miale inayotoka kwenye madini ya urani, na hapa hapa Birmingham gari la petroli linajaribiwa barabarani. Na nyumbani, saa hiyohiyo, babu yake anaota meno. Alichukia historia kufundishwa vipande vipande, vita huku na ufundi kule, kama kwamba watu wale hawakuishi pamoja.

Mwaka 2006 nilikuwa katibu wa jumuiya yetu. Nikamwalika Harjit, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, aje aione karatasi. Ikimpendeza, itakaa kwenye ukuta wa shule, na Ami ataitwa kuwaeleza watoto. Ami aliposikia alifuta miwani mara mbili. Tangu Longbridge hakuna aliyemhitaji kwa kazi yoyote. Siku ilipokaribia nikampigia simu: Jumamosi, saa tisa, ukumbini.

Jumamosi asubuhi tukamngoja, mimi, Harjit na wageni wengine wa jumuiya. Simu ya nyumbani kwake inaita tu. Harjit alikuwa na nafasi ya saa moja, na nusu yake ilikwisha mimi nikimwomba radhi. Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Nikamwambia, mbele ya wageni wote, kwamba wazee wetu ndivyo walivyo, saa kwao ni pambo la mkono. Watu wakacheka. Harjit akaaga.

Mchana, napanga viti stoo, nikamwona anaingia: kanzu imepigwa pasi, ndevu zimechongwa, karatasi kwapani imefungwa kwa utepe. Nikamvaa hapo hapo.

"Ami, si nilikwambia saa tisa?"

Akatazama saa yake. "Bado robo, mwanangu."

Loo! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Saa tisa ni alasiri, Mswahili gani asiyejua? Mimi, niliyeletwa nchi hii nina miaka minne, na kila kikao najigamba kwa Kiswahili changu, nilisoma namba kwenye saa ya Kizungu nikaitamka vilevile. Na karatasi yake nimeisoma mara ngapi, mizinga ikipiga saa tatu asubuhi! Halafu kukiri sikukiri. Nilimwambia mgeni amepata dharura.

Siku tatu nilijiona sifai. Jumanne nikampigia Harjit, nikamweleza kosa ni langu. Alisikitika, lakini ukuta alikwishawapa wengine. Nikaenda kwa Ami nikamwambia yote, hata lile la pambo la mkono.

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Aliikunjua karatasi mpaka 2006, na kwenye safu ya nyumbani akaandika taratibu: Jumamosi, saa tatu asubuhi, Haidari yuko kwa kinyozi, anajitengeneza kwa ajili ya wageni. Kisha akanipa kalamu.

"Saa hiyohiyo," akasema, "wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nikapiga magoti kwenye zulia, nikaandika: Asmahan yuko ukumbini, anawachekesha watu kwamba Haidari hajui saa. Herufi nilizibana ndogondogo, zikapandana. Akavaa miwani, akaisoma mpaka mwisho, akaniambia niandike tena, safari hii isomeke.