Kiondo cha Mkwe

Binti yangu aliolewa Ukambani, katika boma lililo kando ya mto, na mto huo ukiufuata kwa kupanda utakufikisha nyuma ya vyoo vya ploti yangu ya kupangisha hapa Mowlem, Nairobi. Hilo nililijua kabla ya posa. Wakati wa mazungumzo, wazee wa pande zote mbili waliulizana ukoo, dini, magonjwa ya kurithi, hata tabia za mashangazi. Mto hakuna aliyeuuliza, nami sikuona haja ya kuutaja.

Mimi ni mtu wa usafi. Yeyote aliyewahi kupanga kwangu atakuambia hivyo, tena atakuambia huku amenuna. Sitaki kuona maganda uani, sitaki maji ya kufulia yamwagwe mlangoni, na mpangaji anayeacha choo bila kukisugua siku ya zamu yake hunisikia kabla hajapiga mswaki. Kanisani wananipa mimi kazi ya kukagua vyombo baada ya harusi. Nasema haya nisionekane kama mtu aliyezoea uchafu, ingawa nikifika mwisho wa habari hii sijui kama yatanisaidia.

Ploti aliijenga marehemu mume wangu, mtu wa reli, alipostaafu. Mfereji mkuu wa maji taka uko juu, kando ya barabara, nasi tuko chini, na maji hayapandi mlima. Fundi alimshauri achimbe shimo kubwa kule nyuma, mahali pa vyumba viwili vya mwisho, liwe linanyonywa na gari kila likijaa. Mume wangu badala ya shimo akajenga hapo vyumba viwili, kisha akapitisha bomba chini yake. Bomba linatokeza ukutani na kumwaga mtoni. Majirani wote wana bomba kama hilo, na ndiyo sababu hatusemani.

Miezi michache baada ya harusi tulikwenda kumtazama binti, mimi na akina mama wawili wa kanisa. Kilikuwa kiangazi. Mkwe wangu, yaani mama wa mume wa binti yangu, ni mwembamba, mwepesi wa miguu, na anaongea polepole kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Baada ya chai akatuambia tuinuke tukaone shamba. Mimi na viatu vyangu vya Jumapili nikamfuata.

Boma lao liko kwenye mteremko mkali, na mteremko wote wameukata kwa matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro ukikingama mlima, udongo unaurusha upande wa juu, kisha kwenye ukingo unapanda nyasi za ng'ombe ziushike. Mvua ikija inakwama mtaroni na kuzama taratibu badala ya kukimbia na shamba. Wanawake wa kijiji huchimbiana kwa zamu, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Chini kabisa, karibu na mto, wameacha ukanda wa miti, na hapo jembe haligusi hata njaa iwe kali namna gani.

"Hapa kwangu," mkwe alisema akinionyesha kwa mkono wote, "hata kijiko cha udongo hakiingii mtoni."

Nilimsifu, na nilimsifu kwa dhati. Kisha upepo ukageuka. Mto ulikuwa mweusi, na povu limekaa juu yake kwa mafungu. Wale wenzangu wa kanisa walijifunika pua kwa leso. Mimi sikujifunika. Harufu ile niliitambua jinsi mama anavyotambua kilio cha mtoto wake katikati ya watoto wa watu.

"Na nyinyi huko juu," mkwe akaniuliza, "mto mnautunzaje?"

"Tunajitahidi," nikasema.

Jibu hilo nimelisikia kwa viongozi wa kila namna, na kila mara limenipandisha hasira. Mkwe aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu aliyejibiwa.

Wakati wa kuondoka akanipa kiondo alichokisuka kwa mikono yake, mdomo wake umeshonewa ngozi, kimejaa sukuma wiki na nyanya. Mboga ya mkwe haikataliwi. Na chombo cha mwenzio hakirudi kitupu, kwao na kwetu sisi watu wa magharibi ya Kenya pia, kwa hiyo kupewa kiondo ni kupewa na safari ya kukirudisha. Nilikipakata njia nzima hadi Nairobi.

Nyumbani niliziosha mboga zile. Nikaziosha tena kwa chumvi. Nikaziweka kwenye sufuria, nikawasha jiko, nikalizima. Kila jani nililoligusa niliona bomba langu. Sukuma ya kibanda cha pale kona ninaila karibu kila siku, na sijawahi kuiuliza ilikunywa maji gani, lakini hii nilijua inakotoka, au nilidhani najua. Mpangaji wangu wa chumba cha mwisho, mama mmoja anayefanya vibarua viwandani, hufuga mbuzi wawili kule ukingoni. Nikampa mboga zote zikiwa ndani ya kiondo. Mbuzi hawana wakwe.

Kesho yake binti akapiga simu. "Mum, huku wanauliza, zile mboga zilikuwa aje?"

"Tamu sana," nikasema.

Binti alijifungua, na mjukuu alipopata nguvu ya kusafiri, walikuja kunionyesha, binti yangu na mkwe wangu. Nilipika kuku, nikasonga ugali unaosimama, nikakaanga sukuma ya pale kona. Nilisugua ua mpaka simiti ikang'aa. Vyoo nilivisugua mwenyewe, zamu haikuwa yangu. Tukamwombea mtoto, tukanawa, tukala. Mkwe akachota mboga kwa tonge, akatafuna, akanitazama kwa uchokozi.

"Zile zangu zilikuwa laini kushinda hizi. Ama ni mimi najisifu?"

"Hujisifu, mkwe. Tulizimaliza siku hiyo hiyo."

Alicheka, uso ukamfunguka kabisa. Akamgeukia binti yangu. "Unaona? Nilikuambia zitamfikia zikiwa bado nzuri." Kisha akaniambia mimi, "Unajua zile si za mto. Ningekupaje wewe mboga za mto? Kuna tuta ndogo pale nyuma ya jikoni, hiyo tunanyunyizia maji ya tanki, ya mvua. Kiangazi kile hata ya kunywa tulikuwa tunapima na kikombe. Lakini nikasema, mkwe wangu akija, lazima aende na mboga safi."

"Hata mimi nilikuwa nanyunyizia, mum," binti akasema. "Na tumbo ikiwa hivi."

Nikajikatia tonge jingine la ugali. Nikauliza, ili tu nisikae kimya, "Na zile za mto mnazipeleka wapi?"

"Hizo ni za soko. Tunakula pia ikibidi, tutafanya nini? Lakini nyingi lori inachukua, inaleta huku kwenu."

Niliangalia bakuli la sukuma katikati ya meza. Sikujua imetoka wapi, sikuwahi kutaka kujua. Nikamwongezea mgeni kuku.

Hapo ningeweza kusema ukweli. Tulikuwa wanawake wawili na binti yetu, mlango umefungwa, mtoto amelala. Badala yake nikakumbuka kiondo. Nilikuwa nimenunua sukari, mchele, majani ya chai na kitenge, nikijua nitakijaza apande nacho gari. Nikatoka uani nikamwita yule mpangaji wangu, akaja nacho mpaka mlangoni, mbele ya mgeni.

"Kiondo yako ndio hii, mama," akasema. "Usinikasirikie, si mimi, ni hao wanyama."

Ngozi ya mdomoni ilikuwa imetafunwa upande mmoja, nyuzi zimening'inia. Nilijaribu kukigeuza upande ule unitazame mimi. Mkwe akanyoosha mkono, akakichukua kutoka kwangu. Aliyesuka kitu hahitaji macho. Alipitisha kidole kwenye mdomo wa kiondo, taratibu, mpaka palipoliwa, kidole kikasimama hapo.

"Una mbuzi, mkwe?"

"Si wangu. Ni wa huyu mama."

Alimtazama mpangaji wangu, akanitazama mimi, akakitazama kiondo. "Basi walikula vizuri," akasema.

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, naapa. Kama angenitukana ningemjibu, mimi siogopi mdomo wa mtu. Aibu ilinipanda kutoka miguuni, nikahisi masikio yakiwaka kama ya msichana aliyekamatwa akiiba. Binti yangu aliinama akaanza kumfunga mtoto nguo ambayo haikuwa imefunguka.

Mkwe akainuka, akanawa mikono. "Nionyeshe mto," akasema. "Nimetaka kuuona ukiwa huku juu."

Ningesema nini? Tulizunguka nyuma. Ukingo wetu ni udongo mweusi, na kila masika unakatika vipande na kuondoka, kwa sababu tumejenga mpaka ukingoni kabisa mwa mto na hakuna kilichobaki cha kuushika isipokuwa vifusi tunavyotupa. Mtu alikuwa ametoka tu chooni. Bomba likakohoa, likamwaga mbele yetu, na vilivyotoka vikaanza safari ya kwenda kwake.

Alingoja bomba limalize. Kisha akachutama, akavunja bonge la udongo kwenye ukingo, akalisagasaga kiganjani.

"Hapa mngepanda nyasi," akasema. "Udongo ungeshika."

Akaendelea kunieleza nyasi gani, na namna ya kuzipanda kwa mstari ukikingama mteremko, na kwamba zisikatwe mpaka mizizi ikomae. Alizungumza juu ya nyasi mpaka tukarudi mlangoni. Juu ya bomba hakusema neno. Alikuwa ananisitiri, mimi nisiyestahili, kama unavyomfunika kanga mwenzio aliyevukwa na nguo sokoni.

Zawadi zangu alizipokea, akashukuru kwa kila moja, akazitia kwenye mfuko wa karatasi. Kiondo alikiacha mezani. "Hiki utaniletea mwenyewe," alisema. "Ukija tutashuka tena mtoni."

Baadaye alituma gunia la vipande vya nyasi kwa gari la mizigo. Nilivipanda kwa mikono yangu, kwa mstari, kama alivyonieleza. Vilishika. Masika iliyopita ukingo wa jirani wa kushoto uliondoka na ukuta wake wa mabati, wangu haukutikisika. Sasa watu wanakuja kuangalia. Vijana wa mtaa wamepiga picha, na mchungaji amenitaja kwenye mahubiri kama mfano wa kutunza viumbe vya Mungu, nikainamisha kichwa wakadhani ni unyenyekevu. Nyasi zangu ndizo za kijani kuliko zote Mowlem hii, na zilizostawi zaidi ni zile zilizo chini ya bomba.

Nilimwita fundi. Akasema alichosema fundi wa kwanza: shimo lichimbwe mahali pa vile vyumba viwili, hakuna pengine. Nikakubali. Chumba kimoja mpangaji alihama mwenyewe, nikasema hiki sipangishi tena, na mama wa mbuzi nitamtafutia kwingine. Wiki hiyo hiyo akaja msichana na godoro lake, ameanza kazi mjini, hana pa kulala, ana kodi yake mkononi. Nilijiambia ninamsaidia. Yumo humo hadi leo, na ni msafi sana, anasugua choo hata siku isiyo yake.

Kiondo nimekitundika msumarini juu ya meza. Nilikipeleka kwa mshona viatu akakitia ngozi mpya, lakini kiraka kinaonekana. Sukari na mchele nimevinunua mara kadhaa kwa ajili ya safari hiyo, nikaishia kuvipika.

Juzi binti yangu alipiga simu. Mjukuu ameanza kutembea. Ukigeuka kidogo tu, ameteremka matuta yote anakimbilia chini, ameupenda mto kwa sababu ya povu. Anadhani ni sabuni. Siku moja walimkuta povu limemjaa mikononi, anajipaka usoni kama anavyoona mama yake akinawa.

"Shosho yake wa huku, mama mkwe, anauliza kiondo unaleta lini," binti akasema.

Nyuma ya ukuta mtu alivuta maji, na nikasikia bomba likikohoa.

"Mwambie tunajitahidi," nikasema.