Udongo Mweusi wa Nyuma ya Jikoni

Mke wangu alipofariki, aliniachia kipande cha shamba nyuma ya jikoni, hapa mtaani kwetu, Tena. Ni hatua sita kwa tatu tu. Miaka yote mimi nilikuwa nikichomelea vyuma kwenye viwanda vya Industrial Area. Narudi jioni, nakula mboga bila kuuliza zimetoka wapi.

Sasa nimestaafu. Watoto wako mbali, hupiga simu Jumapili. Siku nyingine sauti yangu naisikia tu nikibishana na redio.

Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unanata viatuni kama gundi. Jua likiwaka unapasuka mpaka kidole kinaingia. Nikaamua kuulainisha. Nilileta mchanga wa ujenzi, mikokoteni miwili, nikauchanganya kwa jembe siku tatu. Mvua ilipokatika, shamba lilikauka likawa gumu kama sakafu. Jembe lilidunda. Niliketi juu ya ndoo nikalia, na sikuwa nikiulilia udongo.

Jirani yangu, mama wa Mombasa anayeuza mahamri, alichungulia juu ya ukuta.

"Jirani, kulikoni?"

"Nimeliharibu shamba la marehemu."

Hakunicheka. Aliniambia nitie udongo kwenye chupa ya jemu, nijaze maji, nitikise, niuache utulie. Kesho yake alikuja kuutazama. Mchanga ulikuwa umelala chini, juu yake utando wa tope laini, kisha udongo mzito wa mfinyanzi, mwingi kuliko vyote.

"Udongo wa mfinyanzi kama huu ukiutia mchanga kidogo, unafinyanga matofali," alisema. "Mwenzio alikuwa akitia samadi na maganda ya jikoni. Kila wiki. Hukumwona?"

"Sikumwona."

Akaniuliza kama nimekula.

Nikaanza kuchukua samadi kwa mfugaji mmoja upande wa Komarock. Nilichimbia ndani maganda ya viazi, majani makavu, na majani ya chai ya jirani. Msimu wa kwanza sikuona tofauti. Wa pili, nilipoufinya udongo kiganjani, ulipukutika.

Sukuma wiki zimekubali. Ni nyingi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula. Nyingine nampa jirani, nyingine zinakomaa zikiwa bado shambani. Asubuhi hutoka na kikombe changu, nikainama kung'oa magugu, na mara nyingi chai hupoa kabla sijataka kurudi ndani.