Bunduki Yenye Namba ya Baba yake Bi Mwanaidi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya ujana wangu ambayo hadi leo nikiikumbuka uso unapata joto. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi hapa Maryland, na siku nisizo na darasa nilikuwa nikimsaidia Mzee Mkude katika chumba cha chini cha nyumba yake kule Rockville. Mzee Mkude alikuwa mtu wa Morogoro, fundi wa mashine za kuchonga vyuma aliyekwisha kustaafu. Kazi aliyojipa uzeeni iliwashangaza wengi. Wamarekani wanaopenda vitu vya kale walimletea bunduki za jeshi la Mwingereza, zile za vita vya zamani zilizovishwa mbao toka kitakoni hadi karibu na mdomo, naye akawatafutia zilitengenezwa kiwanda gani na mwaka gani.

Chumba kile nakipenda mpaka kesho. Kilinukia mafuta ya taa na mbao kuukuu, na pembeni hapakosi chupa ya chai ya tangawizi. Ninyi siku hizi mnagusa simu, majibu yanamwagika. Sisi tuliandika barua Uingereza tukasubiri miezi, na jibu likifika Mzee haifungui bahasha mpaka amenawa mikono. Nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Leo natamani hata siku moja tu ya kumngoja anawe.

Alinifundisha kuisoma bunduki. Kwenye chuma, pembeni, hupigwa taji, alama ya kiwanda na mwaka. Namba hupigwa kwenye mwili wa bunduki ikarudiwa kwenye kile kipande kinachosukuma risasi ndani, ili ijulikane kama vimetoka pamoja. Lakini kuna jambo alilirudia mpaka likanichosha: usiamini namba peke yake. Viwanda vilikuwa vingi, kila kimoja kikihesabu chake, kwa hiyo bunduki mbili zaweza kuwa na namba ileile, na herufi iliyotangulia namba ndiyo inayozitenganisha. Mimi nikaitikia ndiyo Mzee, ndiyo Mzee, akili yangu ikiwa kwenye mpira.

Sasa Jumamosi hiyo, Mzee akiwa ametoka kwenda dukani, alikuja Bi Mwanaidi. Alikuwa mama wa Tanga aliyekuwa akiwauguza wazee majumbani mwao huko Arlington. Alikuwa amesikia msikitini kwamba yupo Mtanzania anayezijua bunduki za Waingereza. Baba yake alikuwa askari wa Mwingereza, akapelekwa kupigana Burma, akarudi, akafariki Bi Mwanaidi akiwa hajaanza kutembea. Hakuacha picha. Kilichobaki ni ukurasa mmoja wa kijitabu chake cha uaskari, ulioandikwa namba ya bunduki aliyokabidhiwa na siku aliyoirudisha. Yule mama hakuwa akitaka kununua bunduki, wala kuimiliki. Alitaka kuona, kabla hajafa, kitu kimoja ambacho mikono ya baba yake ilikishika.

Nikafungua kabati la kadi ambazo Mzee aliandika kila bunduki aliyoletewa, nikatafuta, na moyo ukanipasuka kwa furaha. Namba ile ilikuwapo, na bunduki yenyewe ilikuwa pale pale mezani, mali ya mteja mmoja. Hata sikufikiri. Nikamwambia, "Mama, ni hii hapa."

Akaishika kwa mikono miwili, akalaza shavu lake kwenye kitako cha mbao, akalia. Ndipo nilipotupa jicho kwenye chuma. Herufi haikuwa ile ya kwenye ukurasa. Na mwaka, mwanangu, mwaka uliopigwa pale ulikuwa wa baada ya baba yake kurudisha bunduki yake. Niliuona vizuri kabisa. Nami kwetu nililelewa kwamba mtu mzima akilia mbele yako humkatizi, unampa nafasi na unampa pole. Basi nikampa pole. Nikanyamaza, akaondoka akiniombea dua njia nzima hadi mlangoni.

Mzee aliporudi nilimsimulia kwa majivuno, hata tarehe ya kwenye ukurasa, ule mwaka wa kwenye chuma nikiuruka. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akainama juu ya bunduki kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwaka uliucheki?"

Nikasema niliucheki, lakini mama alikuwa tayari analia, nikamwonea huruma. Nilidhani atanifokea. Alikaa chini tu.

"Yule mama alikuja hana kitu cha baba yake," akasema. "Sasa ana kitu cha mtu mwingine, na aliyemdanganya ni wewe. Huruma yako ilikuwa ya kujionea wewe, hukutaka kumwona akihuzunika. Kesho nenda Arlington ukamwambie kwa mdomo wako. Si kwa simu."

Nilikwenda. Nilipanda treni nikitamani iharibike. Bi Mwanaidi alinikaribisha kwa bashasha, akaniwekea chai na mandazi, na kabla sijafungua mdomo akanieleza kwamba ameshampigia kaka yake mkubwa Tanga, na ndugu wamekusanyika wamemsomea baba yao hitima. Nikamweleza yote. Herufi, mwaka, yote. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani, kisha akaniuliza swali moja.

"Ulikuwa unajua wakati mimi nalia?"

"Nilikuwa najua, mama."

Akanyanyuka, akapiga namba ya Tanga, akanipa simu. "Mwambie kaka yangu wewe." Kaka mtu alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Aliniuliza tu kama dada yake yuko salama, na kama kuna mtu amekaa naye. Nilitamani anitukane, ingekuwa nafuu.

Chai yangu ilipoa bila kuguswa, nikarudi Rockville. Safari hii nilifanya kazi kama nilivyofundishwa. Niliifuatilia ile herufi ya kwenye ukurasa wa baba yake, nikaandika barua, nikajibiwa, nikaandika nyingine. Ilichukua majira ya baridi yote. Nilipopata nilichoweza kupata, nikarudi Arlington bila kuitwa, nikasimama mlangoni na karatasi yangu.

Nilimsomea hapo hapo. Bunduki ya baba yake ilitengenezwa katika kiwanda kimoja Uingereza, nikamtajia mji na mwaka. Katika kiwanda hicho, wakati ule wa vita, wengi walioendesha mashine walikuwa wanawake. Ilikuwa mpya ilipotolewa, kwa hiyo huenda baba yake alikuwa askari wa kwanza kuishika. Nikasema huenda, nikalitamka taratibu. Halafu nikamwambia, "Iko wapi leo, mama, sijui. Wala sidhani kama kuna anayejua."

Akaichukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka kifuani.

"Ni machache," akasema. "Lakini haya ni ya baba yangu."

Kisha akanifungulia mlango wote niingie.

Mwanangu, nakuusia hivi. Watakuja kwako watu wenye kiu ya kujua walikotoka, nawe utakuwa na uwezo wa kuwafurahisha kwa neno moja tu. Usiseme neno hilo kama hujalithibitisha, hata kama machozi yao yanakuuma. Wape kidogo unachokijua, na unachokosa uwaambie hukijui, na ukishakosea uende mwenyewe kwa miguu yako. Mungu akupe ulimi wa kusema sijui mbele ya mtu unayempenda, na akujalie watu watakaokufungulia mlango ukishasema.