Muuguzi Aliyekataa Kuondoka

Muuguzi wa hospisi, huduma ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, huja kwetu mtaa wa South Beach kila asubuhi, na kabla ya kumgusa mama huvipasha joto viganja vyake kwapani. Huongea taratibu, hata akiulizwa swali lile lile. Jana alikuta baba ameficha chupa ya mofini, na mama anauma shuka kwa maumivu.

“Hii dawa itamuua,” baba alisema.

“Papa, kinachomuua ni kansa. Dawa hii, kwa kipimo cha daktari, inamtuliza. Asipoipata, mimi siondoki.”

Muuguzi akaketi sakafuni, akaushika mguu wa mama, akangoja. Mama akamnong’oneza baba, “Papa Carmel, iko wapi? Leta. Nimechoka kulia.”

Baba akaitoa nyuma ya mafuta ya kupikia. Alasiri mama aliomba tumketishe, tumsuke nywele.