Kuku wa Mama na Sufuria ya Jirani

Bora mlisikie kwangu kabla Mama Aisha, jirani yangu, hajawasimulia.

Mama yangu alipofariki, nilirudi Bukoba kutoka kijijini kwake Ijumbi na kuku wake na vifaranga. Kwetu kuku mgeni hufungwa mguu kwa kamba ya mgomba, karibu na kuku wenyeji, mpaka azoee. Mimi nikamwonea huruma. Kila alipolia nilikuwa kama namsikia mama akimwita jioni, nikamfungua.

Jana mchana nikakuta kuku mgeni hayupo, wala vifaranga. Harufu ya kuku wa kuchemsha ikanijia kutoka kwa Mama Aisha. Hata hodi sikupiga. Niliingia jikoni kwake, nikafunua sufuria mbele ya wakwe zake, nikafoka, "Kuku wa marehemu mama yangu mnampika bila aibu?"

Wakwe wakatazamana. Mama Aisha akasema taratibu, "Huyu nimemnunua gulioni Kemondo, dada. Twende tumtafute wako."

Tulifuata sauti ya vifaranga mpaka chumbani kwangu. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, hakijaguswa. Chini, kwenye kigodoro ninacholalia tangu msiba, kuku alikuwa ametulia juu ya kitenge cha mama, kile ambacho sijakifua. Vifaranga vilijibanza mbavuni mwake, na vinyesi kila mahali.

Na mtaa mzima nilishauambia kwamba msiba umeshanipoa.

"Hajazoea bado," nikasema, nikijifanya kucheka.

Mama Aisha alikitazama kile kigodoro, akavua viatu, akaketi pembeni ya kuku.

"Na wewe?"