Anticorps yetu ililala pahali pa samaki

Usingizi umekataa kuja, na haiko juu ya masasi ya bunduki.

Kwa labo yetu tunachunguza kansere ya maziwa, matiti ya wamama. Seli za mwili zinashikanaka, kama watu wenye kushikana mikono. Anticorps yetu, dawa ya maji ya kupimia, inaendaka kunata pale pale zinaposhikana na kutoa rangi, njo tunaona zile zimeachana.

Iko kachupa kamoja tu. Na vita imefunga njia ya uwanja wa ndege wa Kavumu, ingine haiwezi kufika.

Juzi kurant ya umeme ikakatika ku labo. Nikapeleka kachupa kwa Maman Neema, anauzaka samaki ku soko ya Nyawera, ana groupe yake ya kutoa umeme. Nikamwambia: "Maman, kwa frigo tu, pembeni ya soda."

Jana masasi ikalia. Leo nikakimbia kule.

Maman Neema anacheka! Anafungua congélateur, ile ya kugandisha samaki:

"Niliona frigo haina baridi ya kutosha. Nikatoa samaki yangu, nikaweka dawa yako."

Kachupa kalikuwa kamekuwa jiwe.

Jamani, ile kitu haifai igande. Ikiganda, inaweza kufa.

Na pale chini, beseni mbili za samaki, nzi juu yake.

"Samaki nitapata ingine," akasema. "Yako ni ya wagonjwa."

Nikamwambia: "Aksanti sana, maman." Nikaondoka na thermos kifuani.

Kesho tutaijaribu. Kama ingali nzima, rangi itatoka; kama imekufa, haitatoka.

Sasa hivi ameniandikia: "Mutoto yangu, dawa ilifika muzuri?"

Nimeandika, nimefuta. Nimeandika, nimefuta.

Ninyi mungemujibu nini?