Albamu ya Luseno wa Mowlem

Muthoki alikuwa mshonaji katika kiwanda cha nguo Industrial Area, na miaka ya kukaa katikati ya cherehani za umeme ilimwachia mlio masikioni usiokwisha. Ulimfuata hadi nyumbani kwake Kayole, hadi kanisani. Daktari alimwambia auzoee tu. Hakuweza. Ila aligundua kwamba muziki wa kielektroniki ule wa polepole, sauti moja ikivutwa mpaka nyingine iingie, uliufunika.

Akaanza kuutafuta kwenye simu. Alipenda hasa albamu za watu wasiojulikana, ambao hata picha zao hazipo. Mumewe Kiema, dereva wa lori, alisikiliza kidogo akauliza, "Mama Mbithe, huyu ataanza kuimba lini?"

"Haimbi."

"Basi amerekodi friji."

Jumamosi moja akifua, simu ikaingia yenyewe kwenye albamu ambayo hakuichagua. Kilisikika kinanda, chini yake mvua juu ya mabati, kisha sauti ya mwanamke kwa mbali: "Mboga! Managu!" Muthoki akaiacha nguo ndani ya beseni. Hiyo haikutoka ng'ambo. Jina lililoandikwa lilikuwa Luseno wa Mowlem. Albamu ilikuwa imewekwa hapo miaka mingi, na waliowahi kuisikiliza hawakutosha kujaza benchi mbili za kanisa.

Alienda Mowlem, mtaa usio mbali na kwake, akaulizia. Wakamwelekeza kwenye kibanda cha fundi wa redio, mzee mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Karibu, mama. Umeleta nini?"

"Sijaleta kitu, mzee. Nimekuja kwa sababu ya albamu yako."

Luseno akaweka chini kifaa alichoshika. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Niliisikia nikifua."

Alimpa stuli, akamweleza. Kinanda kilikuwa kibovu, kimetupwa na kanisa fulani, akakitengeneza. Sauti ile ni ya mkewe, Everline, aliyekuwa akimwigiza muuza mboga ili kumchokoza. Mwaka uliofuata Everline alifariki. Luseno hakurekodi tena. Aliona hata alichokwisha kukifanya hakina msikilizaji.

"Ulisikia mahali anapocheka?"

"Karibu na mwisho. Nilirudia hapo."

Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati, akakawia kuivaa.

Muthoki alipoaga, mzee alimtilia kwenye simu kipande kingine, kile alichokiacha nusu mkewe alipougua. Muthoki alikisikiliza kiwandani wakati wa chakula, na Jumamosi akarudi.

"Kizuri, mzee. Lakini pale katikati panavuta sana."

Luseno alicheka. "Nyumbani niliambiwa hivyohivyo."

Siku hiyo alikitoa kinanda chini ya meza na kukipangusa vumbi. Kwa Jumamosi nyingi alirekodi, akakata, akarudia, na Muthoki akimwambia palipomchosha. Mlio wa masikio haukukoma, lakini pale kibandani aliusahau kwa muda.

Kipande kilipokamilika, Muthoki alimleta Kiema naye asikie. Kiema aliketi kwa heshima, mikono magotini. Kabla hakijafika katikati alikuwa amelala, kichwa kimeegemea rafu ya redio.

Muthoki aliona aibu, akataka kumwamsha.

"Mwache," Luseno akanong'ona, akipunguza sauti kidogo. "Ametoka safari. Mwache apumzike."